Uniti nne za bibi wa Muheza: kodi ya jengo inavyomfikia mtu wa kijijini

Mi ni mthamini wa majengo, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na sita sasa, na miaka mingi kati ya hiyo nimezunguka kwenye halmashauri napima nyumba za watu, naandika ukuta wa tofali gani, bati geji ngapi, sakafu ya saruji au ya udongo. Kwahiyo nikikaa kijiweni popote swali halichelewi, "hivi hii kodi ya jengo ikoje?" Na siku hizi kabla sijajibu huwa naomba kwanza nione meseji ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla hapa Tanzania, maana kodi yenyewe inakaa humo.

Mwaka jana nilikuwa Muheza, mkoani Tanga, kijiji kimoja cha machungwa, nimekaribishwa barazani kwa bibi mmoja wa miaka 74. Nyumba yake ya tofali za saruji, vyumba vitatu, haijapigwa plasta, kajengewa na mwanae aliyeko Dar, kidogo kidogo, mwaka huu msingi mwaka ujao ukuta. Ndani kuna taa tatu, redio na chaja ya simu, basi. Alikuwa ametoka Korogwe kumuuguza binti yake miezi mitatu, karudi kakuta umeme umeisha, akamtuma mjukuu kwa wakala akanunue wa 5,000. Zikaja uniti 4.1. Bibi akajua moja kwa moja wakala kamla hela, akaenda akamsema mbele za watu pale dukani na yule kijana hana kosa hata la shilingi moja.

"Mwanangu, hebu nisomee hii, mi naona namba tu," akanipa simu. Nikamsomea. Juu kabisa tokeni, ile ya tarakimu ishirini, chini yake uniti, halafu makato ya VAT, ya EWURA (wasimamizi wa nishati) na ya REA (wakala wa umeme vijijini), na mwisho kabisa mstari wa deni: 4,500. Hiyo ndo kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi mara miezi mitatu aliyokuwa hayupo. Kilichobaki kwenye 5,000 yake ni 500, na 500 ndo ikamletea uniti nne na kidogo.

Sasa tupige hesabu maana hapa ndo pana jambo lenyewe. Mteja mdogo wa nyumbani, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ananunua uniti kwa shilingi 100, ukiweka VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1 inakuwa 122. Nyumba kama ya bibi haimalizi uniti kumi kwa mwezi, yani umeme wake wote ni kama 1,220. Kodi ni 1,500. Kwa maana hiyo kila mwezi anailipia nyumba kodi kubwa kuliko umeme anaoutumia humo ndani. Mtu wa Mbezi Beach mwenye AC na friji mbili akinunua umeme wa 80,000, ile 1,500 haifiki hata asilimia mbili, haioni. Sheria ni ileile, kiasi ni kilekile, ila kwa mmoja ni vumbi na kwa mwingine ni zaidi ya nusu ya hela aliyoitenga.

Wengi hawajui tumefikaje hapa. Zamani kodi ya majengo ilikuwa ya miji, kuna sheria ya mwaka 1983 kabisa ya mamlaka za miji, na ilikuwa inataka nyumba ithaminiwe kwanza, ndo kazi yetu sisi, af unatozwa asilimia ndogo ya thamani. Tatizo halmashauri nyingi hazikuwa na daftari la uthamini la maana, kupima nyumba moja moja ni gharama na ni muda, nyumba nyingi zikawa hazijulikani kabisa. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato. 2018 ikaja bei moja, 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, uthamini ukawekwa pembeni. Agosti 2021 wakaiunganisha na LUKU, ikawa 12,000 kwa mwaka, ukigawanya 1,000 kwa mwezi, na 60,000 kwa sakafu ya ghorofa mjini. Julai 2023 ikapanda tena, 18,000 na 90,000, ndo hiyo 1,500 ya leo.

Naelewa kabisa kwanini serikali ilipenda njia ya mita. Kuna urahisi, hakuna mtu wa kuja kugonga mlango, hakuna foleni, hakuna karani wa kuandika risiti feki. Mi mwenyewe nimeona hela nyingi za halmashauri zikipotelea kwenye vitabu vya risiti enzi zile. Lakini mita haijui nyumba ina thamani gani. Mita inajua kitu kimoja tu, kwamba hapa kuna umeme. Na umeme wa REA umefika vijijini kwa 27,000 tu ya kuunganishwa, jambo zuri kuliko mengi niliyoyaona kwenye nchi hii, sasa kodi ikapita kwenye waya huohuo bila mtu kuulizwa una nyumba ya namna gani.

Chukua mfano wa asilimia 0.15 ya thamani. Nyumba ya bibi kwa jicho langu la kazi haizidi milioni 8, ungemtoza 12,000 kwa mwaka. Nyumba ya milioni 300 Dar, isiyo ghorofa, ungeitoza 450,000. Leo wote wanalipa 18,000. Tumemwongezea bibi 6,000 na tumemsamehe yule wa Dar 432,000, na hela ya kujenga zahanati inatafutwa kote kote. Mtu anaponiambia "ah 1,500 si hela ya soda mbili", mi namwambia sawa, ila muulize bibi anaipata lini. Hela ya machungwa inakuja kwa msimu, ikija inalipa madeni ya duka na sare za shule, halafu inakata miezi kadhaa, wakati mita yenyewe haina msimu. Na nyumba ya kijijini haiuziki kirahisi, kiwanja kimezungukwa na makaburi ya wazee, nani anunue? Haimwingizii kitu, hana mpangaji, anailalia tu.

Hapohapo watu wanachanganya vitu, niliweke sawa haraka. Kodi ya jengo ni ya nyumba. Kodi ya pango la ardhi ni ya kiwanja chenye hati, haya mambo ya mjini zaidi. Mpangaji kukatwa kwenye LUKU haina maana kodi ni yake, kisheria ni ya mwenye nyumba, kwahiyo tunza meseji zako mkae mhesabiane kwenye pango la nyumba unalomlipa.

Sasa kitu kilichonikalisha pale barazani mpaka jua likazama ni hiki: bibi hakutakiwa kulipa kabisa. Sheria inamsamehe mwenye nyumba aliyefika miaka 60, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, vilevile. Na nyumba za udongo au za kuezeka kwa nyasi za kuishi watu hazimo kwenye kodi hii. Pale kijijini niliuliza watu kama ishirini hivi kwenye mkutano mdogo chini ya mwembe, hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia. Hakuna. Na nusu yao wamevuka sitini.

Ila msamaha hauji wenyewe, inabidi uuombe, na hapo ndo unakutana na karatasi. Mita ya bibi iko kwa jina la marehemu mumewe. Ofisi ya kwanza tulipoenda wakasema mwenye mita hayupo hai, leteni mirathi. Mirathi kwa nyumba isiyo na hata hati, unaiona hiyo safari? Bibi wa watu alilipa nauli ya kwenda na kurudi na hiyo peke yake ilizidi kodi ya miezi kadhaa. Tukarudi na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza kwamba mjane ndiye anayekaa humo na ndiye mmiliki, kitambulisho cha taifa kinachoonyesha mwaka wa kuzaliwa, namba ya mita, na meseji tatu za LUKU nimezichapisha. Safari ya pili wakapokea. Kwahiyo kama una mzazi kijijini fanya hivyohivyo ukienda likizo, usimwachie aende mwenyewe, na ombi lipige kopi na waigonge muhuri wa kupokelewa, bila muhuri kesho wanakwambia hawajaliona.

Ningependa hili lisiwe kazi ya mtoto aliyesoma kuja na barua. Tarehe za kuzaliwa ziko NIDA, kwenye vitambulisho vya taifa, namba za mita ziko kwenye mfumo, mtendaji anamjua kila mzee wa kijiji chake kwa jina na kwa ukoo. Orodha ya wazee wenye nyumba inaweza kupitishwa kwenye mkutano wa kijiji ndani ya siku moja, ikapelekwa, makato yakasimama. Na zile nyumba za thamani kubwa turudi tuzithamini, zianze hizo za miji mikubwa, wathamini tupo na wengine wamemaliza chuo hawana kazi.

Mwezi wa tatu baada ya kupeleka ombi mjukuu wa bibi alinipigia. Wamenunua umeme wa 2,000, zimekuja uniti 16.4, mstari wa deni haupo. Akanisomea meseji yote kwa sauti, tokeni na kila kitu, nyuma namsikia bibi anamwambia rudia hapo kwenye uniti. Wakala ameombwa radhi, amepelekewa na machungwa.

Jirani yake, mzee wa miaka 71, nyumba ya miti na udongo, amefungiwa ukutani kile kiboksi cha UMETA (Umeme Tayari), cha nyumba isiyotandazwa nyaya, taa mbili. Huyu anasamehewa mara mbili, kwa umri na kwa nyumba yenyewe, na anakatwa tangu 2021. Barua yake mtendaji ameshaiandika, tunaipeleka Jumatano.