Achari, Chachandu na Presha: Maswali Ninayoulizwa Zahanatini Mikindani

Msimu wa maembe unapoingia huku Mtwara, hakuna uwanja usio na sinia la embe bichi zilizotiwa chumvi na kuanikwa juani, na haipiti wiki bila mimi kumpokea mgonjwa wa presha aliyeacha vidonge kwa sababu jirani amemwambia kwamba achari na ndimu zinatosha.

Achari na chachandu ni nini hasa?

Achari ni embe bichi au ndimu iliyotiwa chumvi nyingi, ikaanikwa, kisha ikachanganywa na pilipili na mafuta au siki. Chachandu ni rojo ya embe au ukwaju tunayolia mihogo ya kukaanga. Matunda yenyewe hayana kosa.

Je, uchachu unakata damu na kushusha presha?

Hapana. Presha ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa, na ikipimwa siku tofauti ikakutwa 140/90 au zaidi, huhesabiwa kuwa ya juu. Ndimu haikati damu, wala ukwaju haukati damu. Chumvi iliyohifadhi achari isioze ndiyo inayoingia mwilini, ikashikilia maji na kuipandisha presha ileile unayodhani unaitibu.

Mbona nikinywa maji ya ndimu najisikia nafuu?

Kwa sababu presha ya juu mara nyingi haiumi. Mama mmoja alinijia akiwa na chupa ya achari mkobani, mafuta yamelowanisha kadi yake ya kliniki, akaniambia kwa furaha kwamba kichwa hakijamuuma tangu aache dawa miezi miwili iliyopita. Nilipomfunga mashine mkononi ilisoma 190/110. Kujisikia vizuri si kipimo. Narudia, mama zangu na baba zangu: kujisikia vizuri si kipimo, na dawa za presha haziishi kama dozi ya malaria. Usiziache wala usizipunguze mpaka aliyekuandikia akuambie.

Basi niache kabisa kula achari?

Mwenye presha aipunguze sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, na humo imo chumvi ya mboga, ya ng'onda na ya dagaa. Nani kati yetu hubakiza nafasi ya achari baada ya kula ng'onda? Afadhali utengeneze chachandu ya kuliwa siku hiyohiyo: paruza embe bichi, katia kitunguu na pilipili, kamulia ndimu, usitie chumvi. Uchachu wa embe hukolea wenyewe, na hapo ndipo matunda haya yanapomfaa kweli mgonjwa wa presha.

Mtu akipinda mdomo ghafla, tumkamulie ndimu?

Hapana, hapana kabisa. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakikorogeka ghafla, hicho ni kiharusi, si upepo mbaya wala jini. Aliyepatwa na kiharusi huweza kushindwa kumeza, na ndimu, uji au hata vidonge vyake vya presha mkimtilia mdomoni vinaweza kuingia mapafuni. Msimpe chochote. Akitapika au akipoteza fahamu, mlazeni ubavu.

Tusubiri asubuhi tuone kama atapata nafuu?

Msisubiri asubuhi, na msianzie kwa mganga. Hata dalili zikiondoka baada ya dakika chache, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, kwa maana kila saa inayopita ubongo unazidi kufa na haufufuki. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, kwani ndilo jambo la kwanza daktari atakalowauliza, na bebeni pakiti za dawa zake zote, hata zile alizoziacha.