Farasi akae f6, si "popote karibu"

Vijiwe vya sataranji vya Mtwara, anzia Shangani mpaka Mikindani, hukosi mtaalamu wa kukwambia kwamba mati ya Kiarabu (mfalme kushambuliwa na ngome na farasi akakosa pa kukimbilia) ni farasi kuilinda ngome tu, basi, mfalme kafa. Hajafa! Farasi anayelinda ngome peke yake kafanya nusu ya kazi.

Mweke mfalme mweusi nyumba ya h8 (herufi ni mstari wa wima, namba ni safu ya ulalo), bila askari karibu, ngome nyeupe iingie h7 kwa cheki, yaani ikimshambulia mfalme. Farasi akiwa g5, ngome inalindwa, sawa, lakini mfalme anajiendea zake g8. Mpeleke farasi f8: ulinzi upo, na g8 bado iko wazi. Haya, mpeleke h6. Sasa g8 imefungwa ila ngome haina mwenyewe, inaliwa. Katika nyumba zote 64 ni f6 tu inayoshika h7 na g8 kwa mpigo. Iliyobaki, g7, inafungwa na ngome yenyewe. Ngome ikishukia g8 badala ya h7, ni mati vilevile: farasi analinda g8 na kuifunga h7.

Tena mfalme awe kwenye kona. Akiwa h7 na askari wake g7, hiyo ni mati ya Anastasia: farasi e7, ngome inapiga kwenye mstari wa h. Askari huyo akishasogea g6, mfalme anachomokea g7. Msizichanganye.

Mati ya Kiarabu ni ya zamani kuliko malkia wa leo, aliyepata nguvu zake mwishoni mwa karne ya 15. Ngome na farasi mwendo wao haukubadilika. Hata hivyo nina shaka na kukaririshana picha yake. Katikati ya mchezo g7 huwa na askari, na farasi akitua f6 analiwa.

Faida yake naiona mwishoni mwa mchezo. Mfalme mweusi g8, ngome yako d7, safu ya saba iliyobaki tupu kabisa, farasi e4. Farasi f6, cheki. Akikimbilia h8, ngome h7, mati. Mjanja ataenda f8. Mpige cheki ya farasi h7, ngome inamlinda kutoka d7. Akirudi g8, farasi f6 tena. Akienda e8 kuitamani ngome, farasi f6 anampa cheki na kuilinda ngome papo hapo, na pa kwenda ni f8 tu. Cheki hazikomi, hivyo ni sare. Ukiwa nyuma kwa askari watatu, chukua sare hiyo unyamaze.