Maneno ya Kuyajua Kabla Kitabu cha Mwaka cha Shule Hakijaenda kwa Mchapaji

Kamati nyingi za kitabu cha mwaka zinajua kupiga picha na kuandika pia zinajua, zinapokwama ni pale mchapaji anapouliza blidi yenu iko wapi au kitabu kina signecha ngapi, watu wanabaki kutazamana. Haya maneno sio magumu, na mkiyajua mapema hamtakuja kufungua kitabu mkute mwanafunzi kakatwa nusu ya kichwa, kitu ambacho sisi tunaofanya kazi ya uchapaji tunakiona na kinauma kwa kweli, maana huyo mtoto ameshamaliza shule na kitabu chake ni hicho hicho.

Tuanze na spredi. Ni zile kurasa mbili zinazotazamana ukifungua kitabu, na hivyo ndivyo mnatakiwa kudizaini, sio ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa wa 1 uko kulia peke yake, kwa hiyo spredi ya kwanza kamili ni 2 na 3, halafu 4 na 5, inaendelea hivyo. Katikati ya spredi kuna gata, pale kurasa zinapoingilia kwenye mgongo wa kitabu. Picha ya darasa zima ikipita pale, aliyesimama katikati anamezwa, na kitabu kikiwa kinene ndio kabisa. Isogezeni picha mpaka gata ipite kwenye nafasi tupu kati ya watu wawili, kama nafasi hiyo haipo basi iwekeni ukurasa mmoja hata ikiwa ndogo.

Blidi inatokana na kisu. Karatasi inachapwa ikiwa kubwa halafu inakatwa, na kisu hakipiti palepale kila mara, kinayumba kidogo. Ndio maana picha inayotakiwa kufika ukingoni inarefushwa ipite mstari wa kukatia, kwa kawaida milimita 3, na hiyo sehemu ya ziada ndiyo blidi, la sivyo unabaki na kamstari keupe pembeni. Upande wa ndani wa mstari huo ndio kuna eneo salama, majina na sura za watu zikae humo.

Sasa picha zenyewe. Kipimo cha kuchapa ni pikseli (vile vidoti vidogo vinavyounda picha) 300 kwa kila inchi, maana yake picha yenye upana wa pikseli 900 inatoka safi ikiwa na inchi 3 tu, ukiivuta ijaze ukurasa inakuwa ukungu. Ukurasa mzima wa A4 unataka kama pikseli 2480 kwa 3508. Kwenye simu picha itaonekana nzuri tu, simu inadanganya! Na picha zinazotumwa WhatsApp kama picha za kawaida zinapunguzwa ubora njiani, waambieni watu watume kama faili.

Rangi nazo: skrini inatumia RGB, yaani mwanga mwekundu, kijani na bluu, mashine inachapa kwa CMYK, yaani wino 4 za samawati, majenta, njano na nyeusi, kwa hiyo ule ubluu mkali wa skrini utapoa kidogo kwenye karatasi.

Signecha ndiyo inayogusa bajeti. Karatasi moja kubwa inachapwa mara nyingi kurasa 8 mbele na 8 nyuma, ikikunjwa zinakuwa 16, na fungu hilo la kurasa ndilo signecha, kwa hiyo kitabu kinakua kwa 16: 64, 80, 96. Mkiwa na kurasa 83 itabidi mpunguze 3 au mtafute 13 za kujazia. Tena kwenye signecha ya kwanza, kurasa 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13 na 16 ziko upande mmoja wa karatasi, hivyo kama hela ya rangi inatosha upande mmoja tu, mnajua mapema picha gani ziende wapi. Mpango huu unaandikwa kwenye lada, jedwali linaloonyesha kila ukurasa una nini na nani anaushughulikia, lifanyeni kabla hamjagusa kompyuta.

Kepsheni ni maelezo chini ya picha, iwe na majina kamili kuanzia kushoto, nani anafanya nini, na lini.

Mwisho ni prufu, nakala ya kukagua kabla mashine haijawashwa. Mkishaisaini, kosa litakalobaki ni lenu na kulirekebisha ni gharama, kwa hiyo msiisome mkiwa mmechoka. Kaeni wawili wawili, mmoja ashike orodha ya darasa kutoka ofisini na mwingine prufu, msome kwa sauti jina kwa jina, herufi kwa herufi.