Je, wajua kwa nini mke wa Mao ni mgumu kuigizwa?

Shanghai, mwaka 1935. Jukwaani yupo Nora, yule mke katika tamthilia ya Henrik Ibsen aliyechoka kufanywa mwanasesere nyumbani mwa mumewe. Mwisho wa mchezo anamwacha mume, anawaacha watoto, anatoka, na mlango unasikika ukifungwa. Binti aliyeigiza Nora alikuwa na miaka 21, na jina lake la usanii lilikuwa Lan Ping. Mumewe aliigizwa na Zhao Dan, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa filamu za China.

Miaka mitatu baadaye, huko Yan'an, ngome ya Wakomunisti, binti huyo aliolewa na Mao Zedong, kiongozi wa Wakomunisti wa China. Wakati huo aliitwa Jiang Qing. Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kuwasaka waliodaiwa kuupinga ukomunisti, yalipoanza mwaka 1966 akawa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote nchini, na kumjua tangu enzi za Shanghai kukageuka balaa. Zhao Dan alikaa kifungoni zaidi ya miaka mitano.

Ugumu wa kumwigiza unaanzia hapo. Mwigizaji anayepewa nafasi ya mtu wa historia hutafuta barua zake, picha zake, kumbukumbu za waliomjua. Kwa Jiang Qing, vitu hivyo vilisakwa kwa makusudi. Oktoba 1966, usiku, watu waliojifanya Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, walipekua nyumba za wasanii watano wa Shanghai. Walitafuta barua na picha zinazogusa maisha yake ya miaka ya 1930. Vilivyopatikana vilipelekwa Beijing na hatimaye vikachomwa moto. Mwongozaji filamu Zheng Junli, mmoja wa waliopekuliwa, alikufa kizuizini mwaka 1969. Yote haya yalikuja kusomwa mahakamani baadaye.

Mwandishi wa wasifu akabaki na nini? Kwa sehemu kubwa, na maneno ya mhusika mwenyewe. Mwaka 1972 Jiang Qing alimwita mwanahistoria Mmarekani, Roxane Witke, akamsimulia maisha yake kwa saa nyingi: utoto wa njaa mkoani Shandong, baba mkali aliyempiga mama, msichana aliyejitafutia njia mwenyewe. Huenda mengi ni kweli. Lakini ukiyasoma unaona jinsi anavyojiweka katikati ya jukwaa, mnyonge anayeinuka, sawasawa na mashujaa wa michezo aliyoisimamia.

Michezo hiyo iliitwa michezo ya mfano, na ile ya kwanza ilikuwa minane. Kanuni yake ilikuwa wazi: kati ya wahusika wote wainuliwe wale wema, kati ya wema wainuliwe mashujaa, na kati ya mashujaa ainuliwe mmoja mkuu. Shujaa husimama katikati, kifua mbele, mwanga umemjaa usoni. Adui hujikunyata pembeni gizani. Mmoja wa michezo hiyo unatugusa sisi Waafrika: wapagazi wa bandari ya Shanghai wanapakia mbegu za mpunga zinazoletwa Afrika, na mhaini anajaribu kuharibu shehena. Mhusika mwenye mashaka moyoni hapewi nafasi kubwa. Wapo wa kushangiliwa na wapo wa kuzomewa.

Kisha gurudumu likageuka. Mao alifariki Septemba 1976, na tarehe 6 Oktoba Jiang Qing akakamatwa pamoja na wenzake watatu, wale walioitwa Genge la Watu Wanne. Wachoraji wa katuni wakamchora kama Jini la Mifupa Myeupe, kiumbe wa hadithi za kale za Kichina anayejibadili mara awe msichana, mara bibi kizee, mara mzee wa kiume, ili amle mtawa. Tazama vizuri: waliompinga walitumia kanuni yake ileile ya jukwaa. Taa zilihamishwa tu, yeye akasukumwa gizani. Ndiyo maana namwambia yeyote anayetaka kumwigiza: shujaa na jini ni mitego miwili iliyotegwa na fundi mmoja.

Kesi yake ilifunguliwa Novemba 1980 mbele ya mahakama maalumu, na sehemu zake zikaonyeshwa kwenye televisheni. Mashtaka dhidi ya kundi zima la washtakiwa kumi yalitaja vifo zaidi ya 34,000. Wenzake wengi waliinamisha vichwa. Yeye alikataa mawakili, akawabishia mashahidi, akatolewa ukumbini kwa nguvu. Na alisema jambo ambalo kila mwandishi wa maisha yake hulirudia: alikuwa mbwa wa Mwenyekiti Mao, na aliyeambiwa amuume, alimuuma.

Hebu litamke mwenyewe: "Niliyeambiwa nimuume, nilimuuma." Kwa sauti ya chini, ni ungamo. Ukiinua kidevu, ni majigambo. Ukimtazama hakimu machoni, ni shtaka dhidi ya marehemu ambaye picha yake ilikuwa bado inaning'inia Tiananmen. Anayemwigiza lazima achague, au apate namna ya kubeba yote matatu kwa pumzi moja, bila kuwasahau walioumwa. Kumwelewa si kumsafisha. Familia ya Zheng Junli haikuumizwa na jini. Iliumizwa na mtu, na hilo ndilo zito zaidi.

Anchee Min, mwandishi aliyezaliwa Shanghai na ambaye kama msichana alichaguliwa kuigiza katika filamu iliyotakiwa na Jiang Qing, aliandika riwaya juu yake mwaka 2000. Humo masimulizi yanaruka kutoka "mimi" hadi "yeye" na kurudi tena. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni silabi moja tu: nilimuuma, alimuuma. Katika ni- unakaa ndani ya ngozi yake, katika a- unasimama mlangoni ukimtazama.

Opera ya John Adams kuhusu safari ya Rais Nixon wa Marekani nchini China ilipata njia nyingine. Katika sehemu ya pili, wageni wanaonyeshwa baleti ya kimapinduzi, kama ilivyotokea kweli Februari 1972. Vurugu zinazuka jukwaani, Jiang Qing anasimama na kuimba kwamba yeye ni mke wa Mao. Sauti inapaa juu kabisa, inarukaruka, inagonga neno "kitabu" tena na tena, yaani kile kijitabu chekundu cha nukuu za Mao. Ni wimbo wa kutisha na unampa mwimbaji kila sababu ya kumfanya jini.

Lakini katika sehemu ya tatu ni usiku, wote wamechoka, na mwanamke huyohuyo anacheza dansi na mumewe mzee, wakikumbuka ujana wa Yan'an. Mwimbaji aliyemaliza nguvu zake zote kwa kelele hana cha kutoa hapa. Trudy Ellen Craney ndiye aliyeimba nafasi hiyo mara ya kwanza, Houston, Oktoba 1987. Usiku ule Jiang Qing alikuwa bado hai, akitumikia kifungo cha maisha, miaka 73, mbali na jukwaa lolote.