Bei ya Maharage Haiishii Sokoni

Kila Januari maswali ya watu wanaokuja kwangu kutafuta ushauri wa lishe hubadilika. Katika miezi mingine huja na kisukari, shinikizo la damu au mtoto asiyeongezeka uzito. Mwezi huu huja wakiuliza namna ya kulisha watoto wanne kwa fedha iliyobaki baada ya sikukuu. Mshahara wa Desemba mara nyingi hulipwa mapema ili watu wapate cha kusherehekea, nao hutakiwa kuvuka hadi mwisho wa Januari, huku katikati zikisubiri sare za shule, madaftari, michango na, kwa wapangaji wengi, kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Wenzetu wa Kenya wameupa mwezi huu jina la Njaanuari, na jina hilo limeshika kwa sababu linaeleza hali ambayo kila kaya inaijua.

Ushauri unaotolewa sana ni kupunguza nyama na kuhamia kwenye maharage, kunde, choroko, mbaazi na mboga za majani. Nami hutoa ushauri huo huo, na ninauamini, lakini nimejifunza kuwa ukitolewa hivyo tu huwa ni nusu ya ushauri. Kaya nyingi hujaribu wiki mbili, zikaona fedha inaisha vilevile, zikarudi zilikotoka. Sababu yake ni kwamba bei ya maharage haiishii sokoni. Sehemu kubwa ya gharama yake hulipwa jikoni, kwenye mkaa au gesi, na bajeti isiyohesabu moto hudanganya.

Tuanze na upande wa soko, ambako hesabu ni nyepesi. Kilo moja ya maharage makavu ina takriban gramu 220 za protini, na ikishaiva huwa karibu kilo mbili na nusu za chakula. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina takriban gramu 200 za protini, na ikipikwa hupungua uzito badala ya kuongezeka. Hapa Morogoro, bei ya kilo hiyo ya nyama huninunulia kilo tatu za maharage, na siku nyingine zaidi ya hapo. Ni kweli kwamba protini ya maharage pekee haina uwiano kamili wa viini vyake, lakini mahindi yana kile kinachopungua kwenye maharage, na maharage yana kile kinachopungua kwenye mahindi. Bibi aliyepika makande bila kusoma kitabu chochote cha lishe alikuwa ameufikia ukweli huo zamani.

Sasa twende jikoni. Maharage makavu yasiyolowekwa huweza kukaa motoni saa mbili hadi tatu, na yakiwa makuukuu huzidi hapo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mwaka mmoja nilinunua gunia zima kwa bei iliyonifurahisha, nikiamini kuwa nimemaliza suala la kitoweo hadi Aprili, kumbe yalikuwa maharage ya msimu wa nyuma sana, yaliyohifadhiwa mahali pa joto na unyevunyevu. Maharage ya namna hiyo hubadilika ndani ya punje, maji hayapenyi vizuri, na hata uchemshe jioni nzima hubaki na kiini kigumu. Mkaa nilioteketeza mwezi ule ulizidi fedha niliyookoa sokoni. Tangu hapo sinunui kwa wingi kabla ya kujaribu: nachukua gao moja, naliloweka usiku, na asubuhi naangalia ni punje ngapi hazikuvimba. Zikiwa nyingi, bei hata iwe nzuri kiasi gani, natafuta muuzaji mwingine.

Kuloweka kwa saa nane hadi kumi na mbili ndilo jambo moja ninalomwomba kila mtu alifanye. Huweza kupunguza muda wa kupika karibu nusu, na maji hayo yakimwagwa huondoka na sehemu ya sukari zinazojaza gesi tumboni pamoja na sehemu ya viini vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Nyanya, ukwaju na ndimu visiwekwe mpaka punje ziwe laini kabisa, kwa kuwa uchachu huchelewesha kuiva. Magadi huharakisha, na ninaelewa kwa nini mama mwenye mkaa kidogo huyatumia, lakini huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya zawadi za maharage, hivyo ningependa yawe njia ya mwisho. Mwenye sufuria ya presha hupika maharage yaliyolowekwa kwa chini ya nusu saa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wake. Mimi ningefurahi kuona sufuria hiyo ikizungumzwa pamoja na mtungi wa gesi, kwa sababu mtungi ulio chini ya maharage yasiyolowekwa huisha haraka sana, na mama hurudi kwenye mkaa.

Jambo la pili ni kuwasha moto mmoja kwa vyungu vingi. Kwa mwenye jokofu, chemsha kilo moja na nusu kwa mara moja, chukuchuku, bila nazi wala viungo, kisha gawa. Sehemu ya kwanza unaiunga kwa nazi na kuila leo kwa ugali. Ya pili inaingia kwenye makande kesho. Ya tatu inakuwa rojo la kula kwa ndizi au wali. Nazi iingie tu kwenye fungu litakaloliwa siku hiyo, maana katika joto letu maharage ya nazi huchacha upesi, na chakula kinachomwagwa ni fedha iliyomwagwa. Asiye na jokofu asipike ya siku tatu. Huyo namshauri achague choroko au kunde, ambazo huiva kwa muda mfupi zaidi, apike za mchana na jioni tu, na azichemshe upya kabla ya mlo wa jioni.

Unga nao una neno lake. Dona hubaki na kiini na pumba za mahindi, pamoja na nyuzinyuzi na vitamini ambazo hupungua mahindi yanapokobolewa, na sembe hugharimu zaidi kwa kutupa sehemu hizo. Sharti lake ni mahindi safi. Sumukuvu, iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, hutoka kwenye ukungu ambao mara nyingine hauonekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Chambua mahindi na karanga kabla ya kusaga, tupa zilizooza, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, na usiwape kuku.

Kuhusu mboga za majani, mwezi huu ni mwema. Baada ya mvua za vuli, mchicha, matembele, majani ya kunde na ya maboga hushuka bei katika maeneo mengi, na maembe bado yako barabarani. Maembe hayo nayatilia mkazo kwa sababu ya damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa takriban asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu, na madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama. Vitamini C huyasaidia kufyonzwa, hivyo kipande cha embe au ndimu iliyokamuliwa juu ya mchicha ni sehemu ya mlo wenyewe. Chai ya rangi hufanya kinyume; inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri kama tulivyofundishwa nyumbani, kwani kikiwa kibichi kina sumu.

Kuna mahali ambapo siko tayari kubana matumizi. Vitamini B12 haipatikani katika vyakula vya mimea kwa kiwango cha kutegemewa, na mtu anayeamua kuacha kabisa nyama, samaki, maziwa na mayai lazima aipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa virutubishi. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto aliye chini ya miaka miwili siwashauri waache vyote kwa ajili ya bajeti. Kwao yai moja au gao la dagaa ndani ya mchicha ni fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine yoyote katika mwezi.

Na kwa kuwa mtoto ametajwa, niseme juu ya ule unga wa lishe wa nafaka na mbegu nane au kumi zilizosagwa pamoja, ambao wazazi huununua kwa bei kubwa wakati huu. Mchanganyiko mrefu hauongezi lishe kwa kadiri ya urefu wake. Karanga zilizosagwa ndani ya unga huharibu unga wote mapema, na soya isiyopikwa kabla ya kusagwa ina viini vinavyozuia protini kumeng'enywa. Saga nafaka moja, mahindi au ulezi, na uiweke peke yake. Karanga zilizochambuliwa na kukaangwa zisagwe kidogo kidogo, za siku chache tu, ziingie kwenye uji ukiwa jikoni, na ukishaepuliwa na kupoa uongezewe embe lililopondwa.