Usianze na dawa ya kubalansi homoni, anza na kalenda

Wanawake wengi hunifikia wakiwa na bahasha ya majibu. Wamepimwa homoni zote kwa mpigo, pesa imewatoka, na karatasi imejaa vishale vya juu na chini. Nikiuliza kipimo kilichukuliwa siku ya ngapi tangu hedhi ianze, mara nyingi hakuna anayejua, na aliyepima hakuuliza. Kumbe FSH na LH, homoni za ubongo zinazoziamuru ovari, hupimwa kati ya siku ya 2 na ya 5 ya hedhi, na projesteroni, inayotuonyesha kama yai limepevuka, hupimwa kama siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Ukiwa kwenye vidonge au sindano ya uzazi wa mpango, majibu hayo hayatuambii ovari zako zinafanyaje kazi, maana dawa ndiyo inayoziamuru.

Kwa hiyo dada, kabla ya maabara nataka tarehe. Mzunguko wa siku 21 hadi 35 kwa mtu mzima ni wa kawaida, hata kama mwezi huu umekuja siku 27 na ujao 30. Hedhi zikipishana zaidi ya siku 35, au ukiziona chini ya mara 8 kwa mwaka, hapo tunatafuta sababu. Binti aliyevunja ungo mwaka jana tunampa muda. Na kipimo cha mimba kinatangulia vyote, hata kwa anayeapa kwamba haiwezekani.

Aliyeacha sindano ya miezi mitatu naye huambiwa homoni zimeharibika. Sindano hiyo husimamisha hedhi, na baada ya ile ya mwisho, kushika mimba huchukua wastani wa miezi 10. Huyo hahitaji kusafishwa kizazi. Anahitaji maelezo aliyostahili kupewa siku ya kwanza.

Ugonjwa ninaouona sana ni PCOS, yaani ugonjwa wa ovari zenye vijifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na hadi asilimia 70 yao hawajui. Tunautambua kwa kupata mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizoeleweka, dalili za homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi kwenye ultrasaundi. Lakini lazima kwanza tuwe tumeondoa magonjwa mengine yanayofanana nao. Mimi huangalia kidevu kama kuna ndevu ngumu, chunusi zilizoshuka hadi mgongoni, kisha shingo. Weusi mzito nyuma ya shingo na kwapani, ule usiotoka hata ukisugua kwa dodoki, si uchafu. Mara nyingi unaonyesha kwamba mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kongosho linalazimika kumwaga zaidi, na insulini hiyo ya ziada inazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume. Yai linakwama kabla ya kupevuka. Vile vijifuko ni mayai yaliyokwama njiani, wala si uvimbe wa kupasuliwa, na inaniuma kuona wanawake wakitishwa kwa neno hilo.

Tiba inategemea unachotaka. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10, hedhi huweza kurudi bila dawa nyingine, na hapo tunaongea kuhusu ukubwa wa tonge la ugali, soda, na sukari kwenye chai. Wembamba nao wanaupata, kwa hiyo asilaumiwe mtu. Metfomini husaidia upande wa insulini. Anayetafuta mtoto tunampa letrozoli ya kupevusha yai, na asiyetafuta, vidonge vya uzazi wa mpango hupanga hedhi na kupunguza chunusi na ndevu. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usikae miezi na miezi bila hedhi ukaona ni nafuu. Yai lisipopevuka, projesteroni haipo, ukuta wa mji wa mimba unazidi kunenepa, na miaka ikipita unaweza kugeuka saratani. Ikipita miezi 3 bila damu, njoo, kuna vidonge vya kuishusha.

Tezi ya shingo ikilegea huleta uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu na hedhi nzito. Kupima TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi hiyo, kunatosha kuanzia, na kidonge cha kila asubuhi kabla ya kula hurekebisha. Maziwa yakitoka bila kunyonyesha, tunapima prolaktini, homoni ya maziwa, na kuuliza dawa unazotumia, kwani metoklopramidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huipandisha. Maziwa yakiambatana na kichwa kuuma na macho kupungua nguvu, usisubiri.

Swali la mwisho huliuliza taratibu: unatumia mkorogo, au vidonge vya kunenepesha? Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali, na vidonge hivyo mara nyingi ni deksamethasoni, nayo ni steroidi. Uso unaviringika, michirizi ya zambarau inatokea tumboni, presha na sukari zinapanda, hedhi inakatika. Ukijitambua hapa, usiviache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo zimezoea kufanyiwa kazi, na kuacha kwa siku moja kunaweza kukuangusha ukazimia. Njoo na kopo na pakiti zenyewe, tupange kupunguza kidogo kidogo.