Chevelle ya 1970 na injini ya Silverado: anza na tenki

Kila nikikaa nakutana na mtu kanunua Chevelle ya zamani hapa Texas, ile gari ya Chevrolet, kaokota injini ya lita 5.3 ya pikapu ya Silverado kwenye skrepa, na swali lake la kwanza ni itaingiaje. Kaka, kuingia itaingia. Hiyo gari nyingi tangu kiwandani zilikuja na V8, yaani silinda nane, chini ya boneti nafasi ipo ya kumwaga, unafunga vile vibao vya kuungia mauntingi unashusha injini na winchi, mchana umemaliza. Sampu tu, lile bakuli la oili chini ya injini, ibadilishe mapema maana ile ya pikapu ni ndefu, inaning'inia chini ya krosimemba, kile chuma kinachokatiza chesi, tuta moja na oili yote iko barabarani.

Mimi chaguo langu kwenye hizo 5.3 ni zenye kodi ya LM7, zile za 1999 mpaka 2007, bloku ya chuma. Ndio ni nzito kuliko LS1, injini ya aluminiamu ya gari la michezo la Corvette, ila bei haifanani hata kidogo na kwa uvumilivu haina mpinzani. Za baada ya hapo nyingi zina ule mfumo wa kuzima silinda nne ukiwa unatembea taratibu, tapeti zake zinakufa, mi sitaki hata kuziona.

Sasa shida iko nyuma ya gari, kwenye tenki. Kabureta ya injini ya zamani inaridhika na presha ya mafuta ya PSI 6 hivi. Injekta za hii mpya zinataka PSI 58 muda wote bila kukatika. Gari yangu ya kwanza nikajifanya mjanja, nikaacha tenki la asili nikafunga pampu ya umeme nje kwenye chesi, tenki likijaa gari tamu balaa, likishuka robo ukikata kona mafuta yote yanakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, injini inakohoa katikati ya makutano watu wanakupigia honi. Na joto la Agosti hapa! Pampu mbili nimeua, maana zile zinapozwa na mafuta yenyewe, zikizama mle ndani ya tenki ndio zinapoa vizuri. Siku hizi nafunga tenki jipya lenye vizuizi na pampu ndani yake, halafu filta ya Corvette ya 1999, ile ina regyuleta yake ya kushikilia presha kwenye PSI 58 na mdomo wa kurudishia mafuta, so paipu ya kurudi inaishia hukohuko nyuma, mbele unapeleka moja tu.

Waya nao usichanganye ovyo. Kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, ifutwe ile kinga ya wizi la sivyo gari inawaka sekunde mbili inazima, na sensa ya kranki injini za kwanza inasoma alama 24 kwa mzunguko, za baadaye 58, zisipolingana na kontrol boksi utapiga stata mpaka betri iishe.

Jana kuna jamaa kaleta yake, injini imefungwa kamba nyuma ya pikapu. Nikaipita, nikaenda kulala chini ya bampa ya nyuma na tochi, akabaki ananiangalia kama nimechanganyikiwa.